Mkwe Kizimbani

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata uji unanikwama kooni. Siku hiyo mama yangu aliulizwa mahakamani kama ana swali, akajibu hana. Basi. Kwa jibu hilo tulipoteza shamba, tukapoteza nyumba, na mimi na yeye hatukukaa tena chini ya paa moja mpaka anakufa. Nakuambia mapema inavyoishia, usije ukakaa hapo unangoja furaha. Furaha haimo.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga, habari za mkoa wa Simiyu hatujaziota. Baba yangu Masanja na mama yangu Minza walitoka Lingeka, kule Meatu, wakiwa wameoana juzijuzi tu, wakaja kufyeka pori kando ya barabara ya kwenda Bariadi mjini. Pori kwelikweli, la migunga na fisi. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama sisi Wasukuma, alikuwa na kovu la panga mguuni alilolipata siku za kung'oa visiki, na alikuwa akilionyesha kwa majivuno kama wengine wanavyoonyesha kitenge kipya. Walilima pamba, wakalima mtama, wakajenga. Mungu akawapa mtoto mmoja tu, ndiye mimi, Kabula.

Babu yangu mzaa baba, Guku, alibaki Lingeka na ng'ombe wake na mwanawe mdogo, Jilala. Walikuja kwetu miaka mingi baadaye, ukame ulipowamaliza ng'ombe. Baba akampa mzee wake mahali pa kujenga, tena akafurahi kwamba sasa anaweza kumlisha mzazi wake. Kijiji kizima kilijua hivyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba wakati kinaingia nguoni unakikaribisha mwenyewe na maziwa unakipa.

Baba akafariki kwa homa. Kwa muda tukaishi kwa amani, maana pamba ilikuwa inanunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na shamba la barabarani lilikuwa shamba kama mengine. Ndipo ikaja miaka ya ruksa na soko huria. Wanunuzi binafsi wakamiminika na malori yao na mizani zao, kila mmoja anatafuta mahali pa kujenga ghala ambapo lori litafika hata masika. Baba mdogo Jilala akawa wakala wa mnunuzi mmoja. Akavaa viatu. Akaanza kulitazama shamba letu kwa jicho jingine.

Siku moja akaja uani, hata kiti hakungoja kupewa. "Shemeji," akasema, "shamba hili ni la ukoo. Mwenye ukoo amekufa. Kama unataka kubaki, nikurithi. Kama hutaki, kwenu ni Ipililo, njia unaijua."

Mayu akamjibu kwa upole, "Njia naijua, shemeji. Lakini shamba hili nililifyeka mimi na kaka yako."

Akaenda kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Mjane asiyejua kusoma, mwanangu, kwa miguu yake mwenyewe! Watu wakamcheka. Majirani waliojua ukweli wakaingia mitini, kwa sababu Jilala ndiye aliyekuwa ameshika mizani ya pamba, na nani alitaka pamba yake ipimwe na mtu aliyemchukia? Jirani mmoja tu ndiye aliyefyeka pamoja nao siku zile, naye alikuwa ameshahama na ng'ombe wake kwenda Rukwa. Wasukuma na ng'ombe wetu bwana, nyasi zikipungua tu, tumekwenda.

Kanisani likatoka tangazo kwamba wamekuja wanasheria, wanasaidia bure watu wenye kesi wasio na wakili. Niliporudi nyumbani nikamwambia Mayu. Akaguna. "Bure? Siku hizi hospitali unachangia, shule unachangia, hata bomba la sindano unakwenda nalo mwenyewe. Huyo wa kukupa mwanasheria bure ametoka wapi? Rahisi ghali, mwanangu."

Nikambembeleza. Nikanuna. Nikagoma kula, ujana una silaha zake. Mwishowe akajifunga kitenge chake kizuri tukaenda Bariadi mjini, ukumbi wa parokia, tukakaa kwenye benchi pamoja na wajane wengine na mzee mmoja aliyekuja na jembe lake, sijui alidhani ataambiwa alime.

Aliyetupokea aliitwa dada Salma, binti wa Tanga, mwembamba, sauti ya taratibu. Alimwamkia Mayu shikamoo kwanza, kisha akamsikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Mayu akalegea moyo. Dada Salma akasema, "Mama, sheria hainiruhusu kusimama nawe Mahakama ya Mwanzo. Kule mawakili hatuingii. Utasimama peke yako. Mimi kazi yangu ni kukufundisha usimame vipi."

Akamfundisha. Kwanza useme yako kwa ufupi. Kisha wenzako wakisema, hakimu atakuuliza kama una swali. "Hapo ndipo kesi inapochinjwa, mama. Shahidi akisema uongo nawe usimuulize, mahakama inaandika kwamba umekubali. Muulize shemeji yako: siku tunafyeka, wewe ulikuwa wapi?"

Mayu akaitikia kwa kichwa, limemwingia.

Kisha dada Salma akauliza neno moja, na ninaliona mpaka leo jinsi alivyoliuliza, kalamu mkononi. "Upande wao kuna mtu mzima anayejua habari za shamba hili? Mtu wanayeweza kumleta?"

Mayu akainamisha macho. Chini ya meza akanikanyaga mguu. "Hakuna," akasema.

Sasa hapo nikueleze, maana nyinyi wa leo mnakaa meza moja na wakwe zenu mnagombania rimoti. Zamani zetu, mwanamke na baba mkwe wake walikuwa mbalimbali kabisa. Humtazami machoni. Humtaji jina. Ukikutana naye njiani unatoka pembeni, unapiga magoti mpaka apite. Mayu aliishi na Guku boma moja miaka yote ile na sijawahi kuwaona wakiongea uso kwa uso. Akitaka kumwambia chakula kiko tayari, ananiambia mimi. Kumtaja mkwe mbele ya mgeni, tena katika habari za ugomvi, ilikuwa kama kuvua nguo ukumbini. Na kwamba mkwe anaweza kuletwa mahakamani kumpinga mkwewe, hilo halikumwingia akilini. Mimi nililifikiria. Lakini mguu ulikuwa umekanyagwa, na mtoto wa wakati ule akikanyagwa mguu anafunga mdomo.

Tukarudi nyumbani tukafanya mazoezi. Mimi nikawa Jilala. Nikavaa kofia ya marehemu baba, nikatembea kwa kutunisha kifua na kukohoa kama yeye, na Mayu amekaa anamenya viazi vitamu vya michembe, vile vya kukata na kuanika. "Wewe Jilala!" anasema. "Siku tunafyeka ulikuwa wapi?" Nami najibu kwa sauti nzito, "Nilikuwepo!" Naye anasema, "Ulikuwepo wapi na wewe kamasi zinakutoka huko Lingeka?" Tulicheka mpaka viazi vikamwagika. Siku hizo ndizo za mwisho nilizomsikia mama yangu akicheka hivyo, na kusema kweli naumia kuzikumbuka.

Siku ya shauri ikafika. Chumba kidogo, hakimu mbele, wazee wa baraza wawili pembeni yake, popo wananuka darini. Mayu akasimama akasema yake. Alisema vizuri! Sauti ilitetemeka kidogo mwanzoni, kisha ikakaa. Akaonyesha na kovu la mguu, mzee mmoja wa baraza akatabasamu.

Jilala akafuata, akasema shamba ni la ukoo, kaka yake aliazimwa tu. Hakimu akamgeukia Mayu, "Una swali kwa mdaiwa?"

"Ninalo, mheshimiwa. Jilala, siku tunafyeka lile pori, ulikuwa wapi?"

Jilala akameza mate. "Nilikuwa mdogo."

"Mdogo wapi? Pale, au Lingeka?"

Akaangalia juu, akaangalia chini. "Lingeka," akasema. Watu wakanong'ona. Mwanangu, moyo wangu uliruka! Nilijua tumeshinda. Hata karani alimtazama Mayu kwa adabu mpya. Jilala akapangusa jasho, akasema, "Mimi nilikuwa mdogo, mheshimiwa. Anayejua ni mtu mzima. Ninaye shahidi."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Guku na fimbo yake.

Mayu alipiga magoti pale pale, kwenye sakafu ya mahakama. Mwili wake ulifanya wenyewe, haukumwomba ruhusa. Hakimu akashangaa, akamwambia, "Mama, simama, hapa ni mahakamani." Akasimama, lakini nusu, mgongo umepinda, kitenge amekivuta mpaka machoni.

Guku akaapishwa. Jilala akamuuliza, "Baba, shamba hili ni la nani?" Mzee akajibu, macho yako kwenye ncha ya fimbo, "La ukoo." "Kaka alilipataje?" "Nilimpa alime." Sijapata kumsikia Guku akisema uongo kabla ya siku ile, na sauti yake haikuwa sauti yake.

Hakimu akasema, "Mdai, una swali kwa shahidi?"

Swali lilikuwa lile lile, mwanangu. Lile tulilolicheza na kofia. Siku tunafyeka ulikuwa wapi? Mzee angejibu nini? Wote walikuwa Lingeka! Nilimtazama Mayu nikimsukuma kwa macho. Kitenge kinatetemeka. Hakimu akakunja uso, akarudia: "Mama, nakuuliza. Una swali?"

Nikainuka kwenye benchi. Karani akaninyooshea kidole nikae, nikakaa.

"Sina, mheshimiwa," akasema Mayu.

Hakimu akaandika. Wazee wa baraza wale walikuwa Wasukuma kama sisi, waliona magoti, waliona kitenge, walijua kilichomfunga mdomo. Hawakusema kitu. Eti penye wazee hapaharibiki neno! Mimi tangu siku ile msemo huo nausikia tu, siutumii.

Hukumu ikatoka kwamba ushahidi wa mzee haukupingwa, shamba ni la ukoo, mdai aondoke.

Tukakimbilia kwa dada Salma. Alisoma nakala ya hukumu, akaiweka chini, akashika kichwa. "Mama Kabula, kwa nini hukuniambia yupo baba mkwe?"

"Niliona aibu," Mayu akasema.

"Na mimi sikujua kuchimba," dada Salma akasema. "Kwetu si hivi kabisa. Ungeniambia hata kwa fumbo, ningekufundisha njia. Ungesema tu: mheshimiwa, kwa mila zetu siwezi kumuuliza mkwe wangu, naomba mahakama imuulize kwa niaba yangu. Hakimu anayo ruhusa ya kumuuliza shahidi. Ungekaa na kitenge chako usoni, na swali lingeulizwa."

Mayu akauliza taratibu, "Inawezekana hivyo?"

"Inawezekana, mama."

Basi hapo ndipo mama yangu alipolia. Mahakamani hakulia, hukumu iliposomwa hakulia. Alilia kwa kusikia kwamba kulikuwa na njia ambayo ingemlindia shamba na adabu yake pamoja, na kwamba njia hiyo ilikuwa inatolewa bure, na yeye aliizibia mlango kwa mguu wake.

Dada Salma akatuandikia rufaa, hakuchukua hata senti. Tukaenda Mahakama ya Wilaya. Lakini rufaa, mwanangu, inasoma yaliyoandikwa chini, haiulizi upya. Na kilichoandikwa kilikuwa kwamba mdai hakuwa na swali. Rufaa ikatupwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mayu akarudi kwa kaka yake Ipililo na kapu lake kichwani. Mimi nilizuiwa. Mahari ya Mayu ililipwa ng'ombe, kwa hiyo mimi nilikuwa wa ukoo wa baba, tena msichana mkubwa ambaye karibu ataleta ng'ombe wengine. Nikabaki kumpikia Guku. Niliona nyumba yetu ikibomolewa na ghala likipanda mahali pake. Nilimpikia mzee yule kwa chuki. Nilikuwa naweka chakula mbele yake, napiga goti kama desturi inavyotaka, na ndani ya moyo namlaani, Mungu anisamehe.

Mchana mmoja nimemletea ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Hakula. Alikuwa amekonda sana siku zile. Akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, kaa hapa. Mama yako ni mpumbavu."

Nikamtazama machoni, desturi nikaitupa. "Guku?"

"Mpumbavu! Mbona hakuniuliza?" Alikuwa amekasirika kweli, fimbo inagonga chini. "Nilisimama pale nikamngoja. Jilala ni mwanangu, alinikalia kooni mchana na usiku, ningemwaibisha vipi mbele ya watu kwa mdomo wangu mwenyewe? Lakini nilikuwa nimeapa. Mama yako angefungua mdomo, angesema ulikuwa wapi siku tunafyeka, ningejibu Lingeka. Nisingeweza kukana. Yeye ananiheshimu pale, na mimi moyoni naomba anivunjie heshima."

Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Nikamwambia, "Guku, mtu mzima na mvi zako, ulikuwa unangoja kuulizwa ndipo useme kweli?"

Akavuta bakuli, akalishika, hakula. Hakuishi kuona pamba ya msimu uliofuata, na Jilala ndiye aliyelia kuliko wote msibani.

Nilipoolewa nikapata ruhusa ya kwenda Ipililo. Nikamkuta Mayu kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mjomba, amezeeka haraka, anapukuchua mahindi ya watu. Nilikuwa nimebeba maneno ya Guku njia nzima, najiuliza nimwambie au nisimwambie. Nikamwambia. Nikadhani atapiga kelele, atajipiga kifua.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Ningemuulizaje, Kabula? Yule ni mkwe wangu."

Alikufa Ipililo, akazikwa kwenye ardhi ya kaka yake, mbali na kaburi la baba. Na mimi nikakaa nikifikiri, watu wawili walisimama chumba kimoja, kila mmoja anajua ukweli, kila mmoja anamngoja mwenzake, na hakimu katikati anaandika kimya chao. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu huyo nimemlea mpaka leo, na bado hajakua.

Ndiyo maana nakuambia haya, wewe uliyenijia na shauri lako la mahakamani. Usiniambie huna pesa za wakili, nimeshakuelewa. Wapo siku hizi wa msaada wa sheria, wapo wasaidizi wa kisheria mpaka kwenye kata. Nenda mapema, usingoje hukumu ndipo ukimbie. Cha bure usikidharau, na usikiogope. Ukifika, sema yote. Mficha uchi hazai. Lile unaloliona aibu kulitaja, lile linalokufanya ukanyage mguu wa mwanao chini ya meza, anza nalo hilo. Anayekusaidia hawezi kutibu kidonda ulichokifunika, na kama ni mgeni wa mila zako, mweleze mila, asije akakufundisha vita huku adui yuko nyumbani kwako.

Na mahakamani usichanganye adabu na kunyamaza. Nyumbani, kimya chako ni heshima. Kule kimya chako ni sahihi yako. Kama mdomo umefungwa na mkwe, au na mzazi, au na woga tu, sema basi kwamba umefungwa: mheshimiwa, mimi siwezi kumuuliza huyu, naomba mahakama imuulize. Piga magoti ukitaka, jifunike kitenge ukitaka, lakini swali liulizwe.

Haya, nenda. Mungu akupe sauti inapokupasa kuwa na sauti, akupe na hakimu mwenye masikio. Na wazee wako, mwanangu, Mungu awajalie kusema kweli kabla hawajaulizwa.